Kibao cha Babu Erastus

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba

Nimetoka kikaoni sasa hivi. Sijawahi kudharauliwa hivi katika Kaunti ya Gammill, na nimeishi humu miaka sitini na minane!

Chama cha Historia kinatoa kitabu cha vibao vyote vya historia vilivyo kando ya barabara zetu. Viko thelathini na vinane. Mwenyekiti, Harlan Fisk, mtu anayezungumza kana kwamba kila neno analipiga pasi kwanza, akatangaza kwamba kibao namba ishirini na mbili hakijaonekana tangu barabara ilipopanuliwa mwaka 1974. Maandishi yake hayapo popote, maana jalada liliungua pamoja na ofisi ya zamani. Kibao gani hicho? Daraja la Stambaugh. Chetu! Cha Babu Erastus, babu wa babu yangu, aliyejenga daraja la kwanza kuvuka kijito cha Turkey Foot. Na eti kwa kuwa kibao hakipo, na daraja lenyewe halipo, halmashauri haioni sababu ya barabara kuendelea kuitwa Barabara ya Daraja la Stambaugh. Kisipopatikana kufikia Jumamosi ya tarehe 14, jina linafutwa.

Linafutwa! Sina mtoto, sina duka lenye jina langu mlangoni. Jina letu liko kwenye barabara ile tu.

Nikasimama kusema. Kabla sijafika mbali, Verlene Oglesby, mpeleka barua mstaafu, akasema kwa sauti yake ya kwaya kwamba yeye ameshavitembelea vibao thelathini na saba kwa miguu yake, na kwamba bibi yake alikuwa akisema daraja lile halikuwa la Stambaugh hata kidogo. Nikamwambia bibi yake alikuwa mwongo. Fisk akaniomba nitoke nje nikapunge upepo. Nimepunga. Hasira ziko palepale.

Akina Oglesby ndio walioiba kibao. Wivu tu! Nitakipata mimi.

Jumanne, tarehe 3 Oktoba

Nimeanza kwa kuvitembelea vibao vingine, wasije wakasema Lowell Stambaugh hajui kazi hii. Kumi na vinne kwa siku moja! Siri ni kutoshuka garini. Unasogeza pikapu, unashusha kioo, unapiga picha, unaondoka. Vitatu vilimezwa na magugu, nikapiga picha ya magugu.

Kuulizia njia ndiko kulikonimaliza. Mzee mmoja kwenye kituo cha mafuta aliniambia nipite pale palipokuwa na shule, nikunje kulia ulipokuwa mwaloni wa akina Yost, na nikifika kwenye ghala jekundu lililoungua nijue nimepitiliza. Nikamwambia vyote hivyo havipo. Akasema ndiyo, lakini vilikuwepo, na mzaliwa wa huku angejua. Mzaliwa wa huku! Nilimfokea mpaka akaacha kujaza mafuta.

Njiani nikapishana na Verlene. Akaniinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama tunavyosalimiana huku. Nikalazimika kumwinulia na mimi. Adui au si adui, desturi ni desturi. Akasimama, akashusha kioo, akaniuliza kama ni kweli napiga picha bila kushuka, maana habari zimeshafika kwa kinyozi. Eti natembelea historia kama mtu anayeagiza chipsi dirishani akiwa garini. Nikamwambia chipsi ni zangu na dirisha ni langu. Jibu bora zaidi lilinijia nikiwa maili nne mbele. Halinisaidii tena, kwa hiyo siliandiki.

Alhamisi, tarehe 5 Oktoba

Mpango kabambe. Kama barabara ilipanuliwa, basi kibao kilifukiwa. Nikaazima mashine ya kutafuta vyuma, nikaingia kwenye mahindi karibu na kijito. Mahindi yamekauka, hayajavunwa bado, na majani yanakata uso. Nikakata tamaa mara mbili. Mara ya tatu mashine ikalia.

Nikachimba saa nzima. Kipande cha plau. Mashine ikaendelea kulia. Nikachimba zaidi, sasa kwa hasira, na koleo likapasua bomba la kutolea maji ya shamba. Maji ya matope yakanirukia hadi kwenye kofia!

Shamba la nani? La shemeji yake Verlene! Kaunti hii ukitupa jiwe gizani utampiga Oglesby. Akaja na trekta, akanitazama nilivyosimama ndani ya shimo, akasema mimi ni mtu wa kwanza kuleta gharika tangu Nuhu, na kwamba Nuhu angalau alikuwa na chombo. Akanishikisha koleo mpaka saa kumi na moja jioni nikitengeneza bomba lake. Mgongo hauinuki.

Yote haya ni kwa sababu ya Verlene. Asingesema lile neno la bibi yake nisingechimba.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba

KIMEPATIKANA! Nimekipata! Mimi!

Baada ya kanisa nilikwenda kula kwa Shangazi Idabel, dada wa marehemu baba. Ana miaka tisini na mmoja na bado anapika tambi za kuku na kuzimwaga juu ya viazi vya kuponda mpaka sahani inazama. Akanituma mayai. Nikainama ndani ya banda la kuku, nikajigonga kichwa, nikainua macho kutukana, na ukutani, nyuma ya viota vya kutagia, nikaona herufi. Herufi kubwa za chuma, zilizotokeza, chini ya kinyesi cha miaka hamsini. Nikafuta kwa mkono wa shati la kanisani. Naandika neno kwa neno:

DARAJA LA STAMBAUGH. Mwaka 1851 Erastus Stambaugh alijenga hapa daraja la kwanza kuvuka Turkey Foot. Kabla ya hapo barabara iliishia ukingoni mwa maji. Inaendelea upande wa pili.

Inaendelea upande wa pili! Nililia, siogopi kusema. Ndiyo, inaendelea, na ni nani aliyeifanya ile barabara iendelee upande wa pili? Babu Erastus! Maneno machache, yameshiba. Huyo aliyeyaandika alikuwa mtu mwenye akili.

Shangazi hakufurahi. Akasema kibao kile kililetwa na baba yangu mwenyewe, mwaka ule wa barabara, usiku wa manane, na akamwapisha asimwambie mtu. Nimeelewa mara moja. Baba alikiokoa mikononi mwa akina Oglesby! Shujaa, na alikufa bila kujisifu! Shangazi akaanza kusema si hivyo, wee Lowell, kaa chini kwanza nikueleze, kisome chote. Nikamwambia nimeshakisoma chote, na mara tatu. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu langu limevunjika siku nyingi, anipe spana.

Bolti sita. Upande wa nje umepakwa rangi nyekundu pamoja na banda lote, tabaka juu ya tabaka. Haidhuru, huo utatazama shambani. Nimekifunika kwa turubai. Hakuna atakayekiona mpaka Jumamosi.

Jumatano, tarehe 11 Oktoba

Shangazi amepiga simu. Rakuni, yule mnyama mwizi wa kuku, ameingia bandani kupitia tundu nililoacha ukutani. Kuku wanne. Nikamwambia historia ina gharama zake. Amenikatia simu! Mtu wa miaka tisini na mmoja!

Nimesimamisha nguzo kando ya barabara na kumwaga zege. Kibao kimefungwa juu yake, kingali ndani ya turubai. Nimemtangazia Fisk. Nimewaita wajumbe wote watatu wa halmashauri, gazeti na bendi ya shule. Na nimepeleka mwaliko maalumu kwa Verlene Oglesby, nikautia mwenyewe katika sanduku lake la barua, ili aonje kuletewa habari mbaya. Kiti chake nimekiweka mstari wa mbele, katikati. Nataka nimwone uso.

Nimeandika hotuba. Kurasa tisa. Neno "wivu" limo mara kumi na mbili.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu sitalala.

Watu walikuja zaidi ya mia. Nilisoma hotuba yote. Verlene alikaa nilipomweka, mkoba magotini, akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, kila nilipotaja ukoo wake. Nikavuta turubai. Wakapiga makofi! Fisk akanishika mkono. Mjumbe mkuu wa halmashauri akasema mbele ya wote kwamba ushahidi ni ushahidi, na halmashauri itafuata yaliyoandikwa kwenye kibao hiki, neno kwa neno. Nikamwambia arudie kwa sauti, mwandishi wa gazeti asikie. Akarudia. Nikamwomba aandike na kutia sahihi. Akaandika, akatia sahihi. Mimi ndiye niliyemshikia kalamu!

Ndipo Verlene akainuka. Nikadhani anakuja kuniomba radhi, nikakaa vizuri. Akanipita. Akazunguka nyuma ya kibao na kamera yake, kwa sababu, eti, imeandikwa hapo mbele kwamba inaendelea upande wa pili.

Nikamweleza kwamba ni barabara inayoendelea. Mtu mmoja akacheka. Wakafuata wengine, mpaka na wapiga tarumbeta.

Nikasema nyuma hakuna kitu, ni rangi ya banda tu. Verlene akasema ndiyo maana watu wa vibao hutembea na chaki. Akatoa kipande mkobani, akakilaza, akakisugua juu ya chuma taratibu. Herufi zikatoka juu ya ile rangi nyekundu, nyeupe, moja baada ya nyingine. Watu wote wakahamia nyuma. Mbele nikabaki mimi na mstari wa viti vitupu. Akasoma kwa ile sauti yake ya kwaya:

Daraja hilo lilianguka siku ya tatu, likiwa na ng'ombe kumi na mmoja na mchungaji wa kanisa. Stambaugh alikuwa ameshahama kaunti. Daraja lililotumika baadaye kwa miaka themanini na sita lilijengwa na mjane Permelia Oglesby, kwa mbao za ghala lake mwenyewe.

Ghala lake! Kumbe Babu alikimbia! Na Baba naye alijua. Alikisoma mbele na nyuma, akaona aibu, akakipigilia ukutani kwenye kuku, upande mzuri ukitazama ndani na ule wa aibu ukizikwa chini ya rangi ya banda. Nilikaa kwenye kiti cha Verlene.

Verlene akaja akasimama karibu. Hakucheka. Akasema bibi yake alikufa akiitwa mwongo, na laiti angekuwepo leo. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilimwambia aniondokee. Angenicheka ingekuwa afadhali.

Jumapili, tarehe 15 Oktoba

Sikwenda kanisani. Mchungaji wetu angetaja ng'ombe.

Shangazi Idabel amepiga simu. Hakusema alinionya. Alisema Baba alikaa mezani kwake usiku ule, kofia mkononi, akasema hataki kijana wake akue akijua wametokana na mtu aliyekimbia. Kijana wake ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekua tayari. Safari hii Shangazi hakukata simu.

Kisha akasema angependa arudishiwe ukuta wake.

Jumanne, tarehe 17 Oktoba

Halmashauri imekaa jana usiku. Dakika nne tu! Wakasoma ile karatasi yenye sahihi, niliyoidai mimi mwenyewe. Tangu leo ni Barabara ya Daraja la Permelia Oglesby. Nimekaa kwenye barabara hii tangu nizaliwe na sasa kila barua nitakayoletewa itakuja na jina la Oglesby chini ya langu!

Baya zaidi. Verlene amemwomba Fisk waandike kitabuni kwamba kibao namba ishirini na mbili kilipatikana na Lowell Stambaugh. Fisk amenisomea kwa simu. Mstari mmoja, chini ya ukurasa, herufi ndogo. Huruma ya Oglesby! Nilimfokea hadi koo likauma, na akangoja nimalize, akauliza kama jina langu linaandikwa na U mbili au moja.

Nimekaa barazani asubuhi yote na hasira zangu. Nikafikiri. Nilikosea wapi? Nimechunguza kila hatua na sioni.

Ila nimeona jambo jingine. Mstari mmoja hautoshi kabisa kwa jambo kubwa kama lile. Kibao kilipotea miaka arobaini na tisa. Halmashauri na Chama, na vyeo vyao vyote, hawakukipata. Nani alikipata? Hilo peke yake ni tukio la kihistoria, na tukio la kihistoria katika kaunti hii hupewa kibao! Nimejaza fomu ya maombi. Mahali: banda la kuku la Shangazi Idabel, kando ya barabara. Kitaziba lile tundu pia, asije akasema simjali. Maandishi nimeshayatunga: HAPA LOWELL STAMBAUGH, BILA MSAADA WA MTU YEYOTE, ALIIOKOA HISTORIA YA KAUNTI YA GAMMILL.

Fomu inauliza kama nahitaji kibao cha upande mmoja au pande mbili. Nimeweka alama kwenye pande mbili. Nyuma nitaeleza kuhusu wivu.