Gurudumu Limefika Kitahana Kabla Yangu

Jamani wa kundi hili, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya wakwe, mbele ya mwanangu, mbele ya maharage ya watu. Naandika kwa kidole kimoja kwa sababu kingine kimefungwa kitambaa, kwa hiyo mtu asinikatishe na vile vikatuni vyenu vya kulia machozi. Ngojeni nimalize.

Baiskeli yangu mnaijua. Ile nyembamba, yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Niliachiwa na bwana mmoja mgeni niliyekuwa namlindia nyumba, akaniambia hii ni ya mashindano, siyo ya kubebea mkaa. (Nimebebea mkaa.) Nimebebea na ndizi, na mbuzi mgonjwa, na siku moja mchungaji. Ndiyo maana magurudumu yalikwisha. La nyuma lilinyooshwa mara nyingi mpaka spoku zake zikawa zinalia kama kitanda cha wageni. Mwezi uliopita likajikunja kama namba nane katikati ya soko la Kibondo, nikaingia kwenye nyanya.

Hapo ndipo mwanangu Konsolata, aliyeolewa Kitahana, alipokuja juu.

"Baba, umri huu! Ukianguka tena hata mara moja, hiyo baiskeli naichukua."

"Tatizo siyo mimi, tatizo ni magurudumu."

"Haya, yabadilishe. Jumamosi tunamtoa mtoto nje, njoo nayo. Ukifika mzima mbele ya wakwe zako, sitasema neno tena. Ukianguka, inabaki huku."

Nikakubali. Ningefanyaje? Mimi nikikaa siku mbili bila kukanyaga pedali naanza kugombana na kuta. Marehemu mke wangu alikuwa akiniona nazunguka uani ananiambia, "Toka, nenda hata Gwarama, ukirudi tutaongea." Baiskeli ndiyo miguu yangu. Hii miwili niliyozaliwa nayo imebaki ya kwendea chooni.

Basi leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Uji nimeunywa nimesimama. Kamba za viatu nimefunga mara tatu. Maduka hayajafunguliwa, mimi niko mlangoni kwa fundi Athumani. Huyu asili yake ni Tanga, maneno yake laini, na vifaa vyake anavifuata Kasulu.

"Shikamoo mzee wangu. Umelala hapa?"

"Marahaba. Nipe magurudumu. Yawe imara, lakini yasiwe mazito. Kuna milima huko."

Akatoa jozi tatu. Ya kwanza chuma kitupu; niliinua gurudumu moja tu, kiuno kikanisemesha. Ya pili ya alminiamu, spoku ishirini kila gurudumu, nyepesi kama ungo. Ya tatu nayo alminiamu, lakini spoku thelathini na mbili, na ringi yake ukiichungulia unaona ukuta ndani ya ukuta.

Moyo wangu ukaenda kwenye zile za spoku ishirini. Nani hapendi kitu chepesi?

"Hizo ni za kijana mwembamba anayekimbiza kwenye lami," akasema Athumani. "Wewe una kilo ngapi?"

Sikujua. (Shule niliishia darasa la tatu, na huko hawakutupima, walituchapa tu.) Jirani yake kuna mama anayenunua maharage, ana mizani ya magunia. Nikapanda. Nikapanda na koti, na magurudumu mkononi, maana nilitaka kujua yote kwa pamoja. Hesabu ikanishinda. Nikashuka, nikavua koti, nikapanda. Nikashuka, nikaweka magurudumu, nikapanda. Wakulima nyuma yangu wamepanga foleni na mizigo yao.

"Athumani!" yule mama akapaza sauti. "Gunia lako halitulii, na halijapepetwa!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. (Hicho cha asubuhi kilikuwa kicheko kidogo, subirini.)

Mwisho ikasoma kilo themanini na mbili. Halafu tukapima magurudumu peke yake. Jozi ya tatu iliizidi ya pili kwa maharage ya mlo mmoja. Mlo mmoja tu, na unapata spoku kumi na mbili zaidi mbele na nyingine kumi na mbili nyuma! Hapo hata mtu wa darasa la tatu anachagua. Ila kwa kuhakikisha nikalilaza gurudumu chini nikalikalia.

"Mzee, hicho siyo kigoda!"

"Likinivumilia hapa, litanivumilia Kitahana."

Likanivumilia. (Kile kichuma cha katikati kilinichoma mahali. Sitaki maswali.)

Athumani akafunga. Sasa hapa sikilizeni. Magurudumu haya hayana nati za kukaza kwa spana kama tulivyozoea. Yana kishikio kidogo ubavuni. Ukikilaza kwa nguvu, kinabana. Ukikifungua, gurudumu linatoka hivi hivi.

"Nimekibana, mzee wangu. Usikiguse."

"Nimesikia."

(Kikumbukeni hicho kishikio.)

Nikaingia barabarani. Mawe, mama yangu! Milima ninayopandaga nikisukuma, leo nimeipanda nimekaa. Bodaboda nimeipita. (Ilikuwa imesimama inapakia, lakini nimeipita.) Nilikuwa naimba peke yangu.

Karibu na kwa wakwe kuna kijito. Kwetu mtu hafiki kwa wakwe na vumbi. Nikanawa uso, nikavaa koti, nikaigeukia baiskeli. Vumbi tupu! Nikaanza kuosha spoku moja moja. Nilipofika kwenye kishikio cha mbele nikakuta tope limejificha nyuma yake. Nikasema nikifungue kidogo tu, nipitishe kitambaa. Nikafungua. Nikapitisha. Halafu nikakizungusha kwa vidole kama nati, nikakiacha kikitazama nyuma, kimesimama kama mkia wa jogoo. Nikapendezwa. Kukilaza wala sikukumbuka, nyimbo nilishazisikia, wanaanza bila mimi!

Kwa mkwe wangu Mzee Ntahondi ni mteremko mpaka uani. Wageni wamekaa kwenye viti. Kulia kuna turubai la maharage yameanikwa. Mlangoni amesimama Konsolata na mtoto mikononi, ananitazama. Nikaona anatabasamu. Ningeshuka pale nikaingia kwa miguu kama baba mtu mzima, sasa hivi ningekuwa nimelala zangu. Lakini pale langoni pana kamfereji, na vijana huwa nawaona wanaruka mfereji kwa kunyanyua usukani.

Nikanyanyua usukani.

Usukani ulikuja. Gurudumu halikuja.

Nililiona likitangulia, limenyooka, haliyumbi hata kidogo. (Athumani kazi anaijua, nasema kweli.) Likapita katikati ya wageni, wanainua miguu mmoja baada ya mwingine. Likatimua kuku. Likaenda kulala miguuni pa mke wa Mzee Ntahondi, ambaye alishasimama kumpokea mgeni.

"Mwidiwe," akalisalimia kwa Kiha, kwa mazoea.

Mimi nikafuata. Uma wa mbele ulichoma ardhi, nikaruka juu ya zile pembe za kondoo, nikatua katikati ya maharage, kifudifudi, na koti langu. Kisha mjukuu wangu akaanza kulia. Kisha sauti ya Mzee Ntahondi:

"Karibu mkwe. Tulikuwa tumekuwekea kiti."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka nyimbo zikasimama.

Konsolata hakucheka. Alinitoa maharage masikioni, akanifunga kidole, akanikunja magoti moja moja kuona kama yanafanya kazi. Nikajisikia vibaya kuliko nilipokuwa chini.

"Baba, tulikubaliana nini?"

"Mwanangu, gurudumu halina kosa! Litazame, halina hata mkwaruzo. Kosa ni langu mimi na kitambaa changu."

"Ndicho nilichokuwa nasema mwezi mzima."

Hee! Nimejifunga mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi.

Nikambembeleza mpaka chakula kikaisha. Mzee Ntahondi naye akaniombea, huku anajifuta machozi ya kucheka. Mwisho Konsolata akasema, "Sawa. Sikunyimi baiskeli yako, ondoka nayo." Nilitaka kumkumbatia. Akaokota gurudumu la mbele, akaliingiza chumbani kwake, akafunga kwa ufunguo.

Nimerudi Kibondo nyuma ya bodaboda, baiskeli nimeikumbatia kama mgonjwa. Sasa imeegemea ukuta, pua chini kama ng'ombe anayekunywa maji. Na mimi nazunguka uani.

Basi, anayetaka kucheka akachekee ndani kwake. Na kama kuna mtu huko Kasulu ana gurudumu moja la mbele, imara, siyo zito sana, la kufunga kwa nati na spana, anitafute pembeni. Konsolata asijue.