Swichi, kebo na mguu wa Mama Odette

Leo sura yangu nimeiacha chini ya meza, hapa hapa nyumbani, mtaani Kikula.

Yaya Nadine, dada yangu mkubwa, alikuwa na mahojiano ya kazi kwa video na kampuni moja ya madini. Kazi hiyo ameililia tangu amalize chuo. Mimi, msomi wa informatiki, elimu ya kompyuta, nikajitosa: "Yaya, Wi-Fi ni ya kubahatisha. Nitakuvutia kebo."

Mambo rahisi! Ruta inaleta intaneti kutoka nje. Swichi, kile kisanduku chenye matundu mengi, inaigawa kwa kompyuta za nyumbani. Kebo zinabeba. Umeme nao ulikuwepo (muujiza wa kwanza). Nikamaliza, nikaona ncha ya kebo moja inaning'inia bila kazi. Nikaichomeka kwenye swichi. (Kitu kinachoning'inia hunikera.)

Taa za swichi zikaanza kumeta kama sikukuu. Intaneti ikafa. Hata Wi-Fi!

"Ni kosa la kampuni ya simu," nikasema. Nikazima ruta, nikaiwasha. Wapi! "Basi wamekata waya barabarani." Mega za intaneti ya simu zilikuwa zimeisha. Yaya akaanza kulia, wanja ukamshuka mashavuni.

Mama akawaita wenzake wa kikundi cha maombi, waliokuwa uani wakitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, mtandao hausikii maombi!"

"Weye mutoto, unapenda kubisha sana! Nyamaza, tuombe."

Wakaomba. Kwa sauti, kwa makofi, kwa miguu! Mama Odette, mwenye mwili wa heshima, akaruka, akatua, akajikwaa kwenye kebo. Ikachomoka. Punde kompyuta ikasema: "Bonjour mademoiselle, unatusikia?"

"Amina!" nyumba nzima.

Mimi? Nikatambaa chini ya meza kutafuta sababu. (Lazima kuwe na sababu.) Nikaifuata ile kebo kwa vidole, na nikaipata. Ncha zake zote mbili nilikuwa nimezichomeka kwenye swichi ile ile! Ujumbe unatokea tundu hili, unarudia tundu lile, unatumwa tena, unaongezeka kama umbea wa sokoni, hadi neno la kweli linakosa pa kupita.

Furaha ikanizidi. "Si muujiza!" nikapiga kelele. "Ni mimi niliyeharibu!"

Nikainuka (kichwa kikagonga meza kwanza). Kwenye skrini, mabwana wawili wananitazama.

"Huyo ni nani?"

"Mudogo wangu," Yaya akajibu. "Yeye njo fundi wetu wa mtandao."

"Wewe ungemwajiri?"

"Hapana."

Hakufikiri hata kidogo! Wakacheka hadi mmoja akavua miwani. "Vizuri, mademoiselle. Tuonane Jumatatu ofisini, Kakanda."

Skrini ilipozimwa, vigelegele. Nikajaribu kuwaeleza tena habari ya kebo. Mama akanisikiliza hadi mwisho, kwa upole wa kutisha.

"Sawa, ni kebo. Na ule muguu wa Mama Odette, nani aliusukuma?"

Mimi ninayehoji kila kitu nikaitikia, "Amina." Jumapili nitasimama kanisani kutoa ushuhuda.

Atakayecheka, nitakuja kumfungia mtandao nyumbani kwake. Bure.