Paa Lililohamia Uani Kwangu, na Mwenyewe Akalifuata

Rwezamenyo, Kigali
Jumatano

Kwa Bi Uwizeye, Kiongozi wa Umudugudu wetu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na kamati yako. Mimi ni Rajabu Mugenzi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mgane, ninayeishi peke yangu kwenye nyumba ya mlango wa kijani. Namlalamikia jirani yangu wa juu kilimani, Twagirayezu, fundi cherehani. Paa lake limehamia uani kwangu, na yeye amelifuata.

1. Mwezi uliopita kamati ilipita nyumba kwa nyumba ikihimiza watu wafunge mapaa kabla ya mvua. Twagirayezu alitii. Alifunga kila bati kwenye mbao kwa waya, mafundo mawili mawili, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kushona. Wewe mwenyewe ulipanda ngazi, ukatikisa, ukaandika daftarini kwamba limefungwa. Ni kweli, lilikuwa limefungwa. Ila mbao zenyewe hazikufungwa ukutani, wala hakuna aliyeuliza.

2. Ijumaa upepo ulipanda kutoka bonde la Nyabugogo. Wengi hudhani upepo hulikandamiza paa. Sivyo. Hulinyonya kwa juu, na ukikuta mlango wazi huingia ndani ukalisukuma kwa chini. Mlango wa Twagirayezu ulikuwa wazi kwa sababu kulikuwa na mteja akipimwa suruali. Mapaa yaliyofungwa ovyo yalipoteza bati moja moja. La Twagirayezu liliondoka zima, bila haraka, likatua juu ya kuta za ua wangu kama mfuniko juu ya sufuria. Halikupoteza hata msumari. Mimi nilikuwa natawadha. Nilipoinua uso kutazama mbingu, sikuiona.

3. Jioni Twagirayezu alishuka na kitanda, cherehani na mkewe Athanasie. Nilimkaribisha kama mgeni aliyepatwa na maafa. Alikataa kukaribishwa. Alielekeza kidole juu, akasema kwa upole, "Mwalimu, mgeni ni nani hapa? Mimi niko kwangu. Angalia."

4. Tangu hapo, nikitaka kwenda msalani kwangu, napita kwake. Hunitaka nipige hodi. Nikipiga, huuliza ni nani.

5. Wateja wake hunikuta mlangoni wakaniuliza kama mwenye nyumba yupo. Jana mmoja alinikabidhi suruali nimpelekee, akanisisitizia kuwa pindo liwe jembamba. Niliipeleka. Nilimweleza na habari ya pindo.

6. Sasa anadai kwamba nyumba yangu inamzibia mwanga, na kwamba atakuandikia barua. Nataka yangu ifike kwanza.

7. Nakuomba uitazame hatari iliyopo. Ikiwa mtu humiliki kila mahali paa lake linapotua, basi upepo ukivuma tena likaangukia ofisi yako, utakuwa mpangaji wake. Likifika uwanja wa mpira, atauzuia mchezo. Mtu huyu anahitaji dhoruba tatu tu kuwa na makao katika kila kona ya Kigali, na yote yatakuwa yamefungwa vizuri.

Kwa hiyo naomba kwamba Jumamosi hii ya umuganda, siku yetu ya kazi za pamoja, badala ya kuzibua mitaro, wanaume sitini waje walibebe paa hilo hadi juu kilimani lilikotoka, na safari hii mbao zifungwe ukutani kwa vyuma vilivyozamishwa ndani ya saruji. Ikiwa sitini hawapatikani, basi kuta zake zishushwe huku ziungane na paa lake, nami nipewe kiwanja chake kitupu. Nitakaa huko bila paa, mahali ambapo upepo hauna cha kuchukua.

Nisalimie mumeo, watoto, wajumbe wote wa kamati, na yule kijana aliyekushikia ngazi.

Ni mimi, mkazi mwenzako mtiifu,
Rajabu Mugenzi

Tanbihi: Barua hii nimeiandikia chini ya paa hilo, kwa kuwa langu linavuja. Twagirayezu ameisoma akasema imenyooka, ila nimemkosea kwa kutotaja kwamba mafundo yalikuwa matatu. Athanasie ameanza kuweka kikombe cha tatu cha chai bila kuniuliza. Wale wanaume sitini wakija Jumamosi, waje na vyuma na saruji, walifunge paa hapa hapa lilipo.