Mkurugenzi wa Sauti Mbili

Ayikwei Botchway alikuwa ameketi mapokezi katika kampuni moja ya malori pale Tema, mji wa bandari, magotini kapakata mkoba wa kalenda za mwaka uliopita alizokuja kuziuza kama za mwaka ujao, aliposikia mkurugenzi akifoka ofisini kwake.

"Wiki kumi na mbili!" Bwana Bentsil alikuwa akimwambia mtu kwenye simu. "Mtu mzima kama mimi nikae mbele ya kompyuta nifundishwe kuongoza? Nimeongoza miaka kumi na minne bila kufundishwa!"

Jambo ambalo wafanyakazi wake wote wangelithibitisha kwa machozi.

Bodi ilikuwa imeamua. Mkurugenzi asiye na cheti cha mafunzo ya uongozi, yale ya mtandaoni yanayotolewa na chuo cha ng'ambo, asitegemee mkataba mpya. Ada ilishalipwa.

Ayikwei akazisahau kalenda zake. Aliingia bila kugonga, akafunga mlango, akainama kidogo kama mtu aliyeleta rambirambi.

"Bosi, samahani. Katika mafunzo hayo mnaonana sura?"

"Ukizima kamera, hapana. Wewe nani?"

"Mimi ni wewe, bosi. Kuanzia Jumanne."

Wakapatana malipo: kidogo sasa, kingi cheti kikitoka. Bwana Bentsil alifurahi kiasi kwamba Jumapili, wakitoka kanisani, alimnong'oneza rafiki yake Dwamena, mkurugenzi wa ghala la baridi bandarini, ambaye bodi yake ilikuwa imeshikwa na homa hiyohiyo. Basi siku ya kwanza ya masomo Ayikwei aliketi chumbani kwake Lapaz, kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga pembeni, simu kulia, kompyuta ya kuazima kushoto, akiwa wakurugenzi wawili. Bentsil alimpa sauti nzito yenye kikohozi. Dwamena alimpa sauti ya puani, ya mtu aliyekaa Ulaya miezi mitatu na hajarudi vizuri.

Profesa akawagawa watatu watatu. "Kikundi cha saba: Bwana Bentsil, Bwana Dwamena, na Madam Korkor Adjetey."

Ayikwei akaacha kutafuna.

Madam Korkor aliuza samaki wa barafu Kaneshie, maduka manne, na alikuwa amejilipia ada mwenyewe kwa sababu ya ajabu ambayo hakuna mwingine darasani aliyekuwa nayo: alitaka kujifunza. Yeye kamera aliwasha. Kilemba kichwani, miwani puani, daftari mezani.

Wiki ya tatu mada ilikuwa kusuluhisha migogoro. Kila kikundi kilitakiwa kitoe wawili wa kugombana na mmoja wa kupatanisha. Bentsil alikuwa amearifu kwamba yuko ofisini Tema. Dwamena, kwamba amesafiri kikazi mbali, Kumasi.

"Haya, mabwana, gombaneni," alisema Madam Korkor. "Mimi nitapatanisha."

Ayikwei akaishika simu, akakohoa. "Dwamena, ghala lako linachelewesha malori yangu."

Akairukia kompyuta. "Malori gani, Bentsil? Yale makopo yenye magurudumu?" alijibu kwa pua.

"Makopo? Barafu yako yenyewe imeyeyuka, ya kunawia uso!"

"Usinitukane mbele ya mama wa watu!"

"Nakutukana. Utanifanya nini?"

Jasho lilimtiririka. Alianza kukasirika kwelikweli, ila hakujua amkasirikie nani. Mara umeme ukakatika, mtandao nao ukazimika. Uliporudi, dakika tano baadaye, wakurugenzi wote wawili waliibuka darasani kwa mpigo.

Madam Korkor alivitazama kwa muda vile viboksi viwili vyeusi vyenye majina yao.

"Poleni," alisema taratibu. "Kumbe siku hizi umeme wa Tema na wa Kumasi unakatika pamoja. Haya, Bwana Bentsil, muombe mwenzako radhi."

Ayikwei alijiomba radhi. Akajisamehe, baada ya kujibembeleza sana.

Tangu siku hiyo Madam Korkor akawa mpole kupita kiasi. Kwa kazi ya mwisho walitakiwa kuandaa mpango wa kukuza biashara ya mmoja wao. "Tuchukue yangu," alisema, wala hakungoja jibu. Bentsil akapangiwa kuchunguza usafiri. Dwamena akapangiwa bei za masokoni. Ayikwei alizunguka masoko ya Makola, Madina na Ashaiman mpaka kiatu kikaachama. Na jambo ambalo asingemkiri mtu ni kwamba kazi ilimnogea. Profesa alipoandika chini ya ripoti ya usafiri kwamba hiyo ndiyo kazi ya kiongozi wa kweli, aliyasoma maneno hayo mara nne, kifua mbele, ndipo akakumbuka kwamba anayesifiwa ni Bentsil.

Siku ya kuwasilisha, mbele ya darasa zima, mkutano ulirekodiwa.

"Bwana Bentsil," Madam Korkor aliuliza kwa unyenyekevu, "kampuni yako itatusaidia nini katika mpango huu?"

Kugawa mali ya mtu mwingine hakujawahi kumtaabisha Ayikwei, sembuse pakiwa na maksi. "Malori mawili ya baridi," alikohoa. "Miezi sita. Bure."

"Na Bwana Dwamena?"

Dwamena hakuwa mtu wa kukubali kufunikwa. "Vyumba viwili ghalani. Mwaka mzima!"

Darasa likapiga makofi. Profesa alibakiza kidogo tu alie.

Vyeti vilipotoka, Ayikwei alipiga pasi suti yake, akaenda Tema kuchukua malipo yake. Aliwakuta Bentsil na Dwamena wameketi kama watu waliofiwa. Kati yao alikuwa Madam Korkor, anakunywa soda, simu yake mezani ikiicheza ile rekodi.

"Sauti hii ni yako, Bwana Bentsil?" aliuliza. "Naona kama leo koo limepona."

"Ni yangu," Bentsil alisema huku ameuma meno. Angesema nini? Akikana, bodi ingetaka kujua wiki zote kumi na mbili alikuwa wapi.

"Nilijua nyinyi ni waungwana. Saini mkataba hapa. Wewe hapa, Bwana Dwamena, na muhuri."

Wakasaini. Madam Korkor akakusanya karatasi zake, akashuka ngazi. Ayikwei akajikohoza.

"Na changu, bosi?"

"Chako?" Bentsil alisimama. "Kakidai kwa huyo uliyemgawia malori yangu!"

Ayikwei alimkuta Madam Korkor nje, anaingia kwenye pikapu.

"Madam! Kumbe ulijua!"

"Tangu mlipogombana."

"Mbona hukusema?"

"Niseme, halafu niwapoteze wachapakazi wawili wazuri vile?"

Ayikwei akainyoosha suti yake. Hakuna aliyewahi kumwita mchapakazi, hata kwa makosa. "Basi niajiri. Mpango ule niliuandika mimi, kila neno. Naujua kuliko hata wewe."

"Ni kweli kabisa. Na natafuta meneja." Madam Korkor alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Cheti cha uongozi unacho?"

Ayikwei aligeuka kulitazama jengo la kampuni. Ghorofani nyundo ilisikika ikigonga: Bwana Bentsil alikuwa anatundika cha kwake.

"Sina, Madam."

"Pole sana. Basi kuna nafasi ya kubeba makasha ya samaki. Kaneshie, saa kumi na moja alfajiri." Akapandisha kioo, halafu akakishusha tena kidogo. "Na uje mmoja tu."