Kete za Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi
Makao yetu ya wazee yamepata jambo jipya. Sista ametangaza kwamba ubongo usiposhughulishwa unalala, na kumbukumbu zinaanza kuyeyuka. Kwa hiyo tutembee bustanini, tupime presha, tucheze drafti. Kutembea, magoti yamekataa. Presha ninayo ya kutosha. Nimechagua drafti. Mshindi anakalia kiti cha dirishani! Fundi Saa, jirani yangu wa kitanda, amenifunga michezo yote. Kisha akaniuliza kama nilikuwa macho. Dharau ile!

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Fundi Saa hamalizi mchezo bila kwenda msalani. Akitoka tu, nasogeza kete yake. Moja tu, kistaarabu. Nimeshinda! Aliukodolea macho ubao, akaapa kwamba kete ile hakuiacha pale. Nikamwambia uzee huo, mzee mwenzangu. Sista alikuwa karibu na sisi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshinda tena. Sina raha. Sista amemwita binti yake Fundi Saa, akamwambia kwamba baba anasahau mno, itabidi ahamie jengo la nyuma. Lile la mlango unaofungwa kwa nje. Fundi Saa hakugusa chakula. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama na mimi naona anapotea. Jibu nilikuwa nalo. Nikakohoa. Nikikiri, nitapigwa marufuku kucheza, na bila drafti nani ataongea na mimi? Wanangu hupiga simu wakikumbuka.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango mpya: nishindwe makusudi, yeye aonekane mzima. Nikamtegea kete zangu, ni kula tu. Hakula hata moja. Alikuwa anasogeza za kwangu akidhani ni zake. Na leo sijagusa kitu! Nikamkimbilia Sista kwa magoti yangu haya mabovu, nikamwaga yote. Akasema wizi wangu aliuona tangu Jumanne. Binti hakuitwa kwa ajili ya drafti. Jumapili iliyopita baba yake alimuuliza yeye ni nani.
Heri kosa lingekuwa langu.

Jumatatu, 10 Machi
Fundi Saa amehamishwa. Kiti cha dirishani ni changu. Kinatazama ukuta wa jengo la nyuma! Nimekikalia kidogo, kikanishinda. Nikamwomba Sista anifungulie ule mlango, nikaingia na ubao kwapani. Amesema niende kila siku, mazungumzo na mchezo bado vinamsaidia.
Fundi Saa hanijui. Aliniuliza kwa adabu kama naijua drafti. Tukacheza. Akaenda msalani. Mkono ukaniwasha. Nikasogeza kete, moja tu.
Aliporudi aliutazama ubao muda mrefu. Kisha akasema mgeni, rudisha kete yangu ilipokuwa.
Nimelia kwa furaha mbele za watu, bila aibu.
Kesho nitasogeza mbili.