Semi Zetu Kwenye Matuta ya Bwana Sedekia

Umepotea mpaka jogoo niliyekuwekea amezeeka, nikamla mwenyewe kwa hasira, na nyama yake ilikuwa ngumu kama moyo wako. Mwaka na nusu. Mbeya imekuwa Ulaya? Lori za mchele za Chimala zinapita barabara kuu kila siku, na sijasikia dereva aliyemkataa mtu anayesema anakwenda kwa bibi yake. Keti hapo. Viazi viko chunguni. Nakupenda, lakini leo utakula huku unasemwa.

Kwa sababu ya kupotea kwako umekosa hotuba ya Bwana Sedekia, mtoto wa Marta wa ng'ambo ya mto, yule aliyeondoka hapa na kaptula ya kuazima akarudi na soksi ndefu na cheo. Alikuja kabla ya mvua akasema kuna Skimu ya serikali ya kuandika kitabu cha semi zetu, zile tunazoimba kwenye mgowe. Mgowe unaujua, au Mbeya wamekusahaulisha hata hilo: majirani wanamlimia mtu mmoja shamba, mwenye shamba anawapikia pombe, na wakiwa kwenye mstari wanaimba. Neno usiloweza kumwambia mtu usoni unaliweka kwenye wimbo, linamfikia likiwa limefunikwa, na hawezi kukushtaki.

Mwimbishaji wetu ni Apolonia. Kifua chake mwaka huu kibaya. Mabinti zake wawili wameolewa mbali, wajukuu wanazungumza lugha za kwa baba zao, na nyimbo zote ziko kichwani mwake peke yake. Sedekia alimwambia, "Mama, ukiondoka wewe, kitabu kitabaki kinaimba." Apolonia akaamini. Tukaacha mashamba yetu mvua za kwanza zikinyesha, tukaenda kulima shamba la Skimu siku tisa, ili tuimbe naye aandike. Maharage ya Apolonia yaliingia ardhini yamechelewa, na yanaonyesha.

Kisha Jumapili ya pili ya Januari tukaitwa tukipokee kitabu. Hotuba ninayo yote. Mtu asiyekwenda shule hana daftari la kumsaidia kusahau. Sikiliza, nami nitasimama kama alivyosimama, tumbo mbele.

"Mheshimiwa Bwana Shauri wa wilaya yetu, ambaye amezuiwa kufika na majukumu mazito, Mheshimiwa Msaidizi wa Bwana Shauri, ambaye amezuiwa kufika na kule kuzuiwa kwa Bwana Shauri, viti vyao viwili, ambavyo vimefika kwa niaba yao na ambavyo naomba mtu yeyote asivikalie, Mzagila wetu, mkuu wa eneo hili, na majumbe wako wote kwa ukubwa wa kofia zao, Baba Padre na Bwana Mchungaji, ambao leo wamekubali kukaa benchi moja ingawa kila mmoja kwenye ncha yake, mama yangu mzazi, Marta, ambaye kwa kunizaa mimi aliizaa Skimu hii bila kujua, wakulima, wake za wakulima, na ninyi wengine msio na cheo chochote, kamwene.

(Tukaitikia. Viti havikuitikia.)

"Nimesimama mbele yenu nikiwa kama Karani Mkuu, Mweka Faili Mkuu, na Kaimu Mwenyekiti wa Komiti ya Skimu ya Kukusanya, Kupanga, Kunyoosha na Kuhifadhi Semi za Nyanda za Juu, kutoka Mbeya mpaka Iringa na sehemu zote zilizoko katikati ambazo ramani yangu haikuzitaja, kuwaeleza kwa lugha nyepesi, inayolingana na ninyi, semi ni nini. Semi, kitaalamu, ni furushi la maneno ambalo ukilifungua hukuti ndani yake kile kilichoandikwa nje. Mtu akisema fulani ana mkono wa birika, raia wa kawaida anaelewa papo hapo kwamba fulani ni bahili, na hapo hasa ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu ameelewa bila kibali, bila mwongozo, na bila kupita ofisini kwangu.

(Mama mmoja nyuma akasema mkono wa birika leo ameuona umevaa saa. Tukacheka tumeangalia chini.)

"Asanteni kwa furaha hiyo. Hali ni mbaya zaidi katika sanaa. Mwanamke anamsukia mkwe wake kikapu, anakibana mdomo, na mkwe akikipokea tu anajua ameambiwa apunguze kula, wala hakuna karatasi yoyote iliyopita kati yao. Mzee anachonga kigoda chenye miguu mifupi kuliko kawaida, anampa mgeni anayependa kukaa sana, na mgeni anaaga. Nyimbo ndizo zimezidi. Mtu anaimba habari za mvua, jirani yake analia, mume wa jirani anarudisha mbuzi, na ukiuliza umeambiwa nini, wote wanakujibu kwamba ulikuwa wimbo wa mvua. Serikali ya kisasa haiwezi kuendeshwa namna hiyo, na kwa hiyo kila usemi sasa utapewa namba, na kila namba itapewa maana moja, na mtu akitaka kuutumia usemi kwa maana ya pili atajaza fomu.

(Makofi kutoka benchi la majumbe, ambao hupiga makofi mtu akivuta pumzi.)

"Nakuja kwenye takwimu, ambazo nawaomba mzisikilize bila kujaribu kuzielewa. Katika siku tisa za kazi Skimu imekusanya semi elfu mbili mia nne kumi na moja na nusu, ile nusu ikiwa ni usemi ambao mvua ilianza kabla haujaisha. Asilimia mia moja na kumi na nne ya akina mama wa hapa wametoa semi, kiwango ambacho hakijapata kufikiwa popote, wala Rungwe, wala Njombe, wala kwa Wazungu wenyewe. Haya hayakuja kwa bahati, yalikuja kwa risachi, na risachi ilikuja kwa mimi.

"Maana mtakumbuka kwamba hapo mwanzo tulimketisha Mama Apolonia kwenye kiti cha ofisi, nikanoa penseli, nikamwambia, toa semi. Akakaa robo saa nzima akatoa kikohozi. Karani mwingine angekata tamaa. Mimi nikapiga moyo konde, nikafikiri, na nikagundua jambo ambalo hapa halikuwahi kugunduliwa, kwamba semi za mgowe hazitoki mdomoni mpaka jembe limeingia ardhini.

(Jambo hilo hapa analijua hata mbuzi. Lakini tulinyamaza, tulitaka afike kwenye kitabu.)

"Kwa kuwa risachi ilihitaji ardhi, na kwa kuwa Skimu katika hatua hii ya awali haina ardhi, nilijitolea kwa moyo wa uzalendo shamba langu mwenyewe, zile ekari tatu za mteremkoni zilizokuwa pori la mabua na mizizi, ili zitumike kama maabara. Kwa siku tisa nilikaa kando chini ya mwavuli, nikivumilia kiti kigumu, wakati akina mama wakiimba na kulima, wakilima na kuimba, na matuta yaliyotokea, hata adui yangu akiyaona, atasema ni matuta ya kisayansi. Pareto imeshapandwa. Imeshika vizuri sana.

(Hapo Apolonia aliacha kukohoa. Aliniinamia sikioni akauliza polepole, "Amesema shamba lake?" Nikamwambia ndiyo. Akaweka mikono mapajani, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine.)

"Wapo watu wachache, wenye kupenda kujipalia makaa, waliokwenda huku na huku wakiuliza habari ya pombe. Wanasema desturi ya mgowe inamtaka mwenye shamba apike pombe ya ulezi, watu wanywe, wasahau migongo yao. Nimeipokea hoja hiyo, nimeipeleka kwenye Komiti, na Komiti, baada ya kukaa peke yangu mchana mzima, imeona kwamba ninyi hamkuwa mgowe. Mlikuwa sampuli. Na hakuna mahali popote katika kanuni ambapo sampuli hunyweshwa.

(Marta, mama yake, alivuta kaniki yake ikafunika kipaji cha uso, kisha macho.)

"Naona mmeguswa. Niruhusuni basi niwatazamishe mbele. Katika miaka mitano ijayo litajengwa Jumba la Semi, katikati kabisa ya Mbeya na Iringa, ili kila upande ulione liko mbali kwa haki. Litakuwa na madirisha. Ndani yake mtoto wa Kilolo na mtoto wa Tukuyu watakaa dawati moja, kila mmoja asijue mwenzake anasema nini, lakini wote wawili wakiwa wamesajiliwa. Wimbo wa Mama Apolonia wa kuanzia mstari utaitwa Usemi Namba Kumi na Saba, Sehemu B, na yeye mwenyewe, endapo atakuwa bado hai, ataruhusiwa kuusikiliza siku za Jumanne.

"Baba Padre, Bwana Mchungaji, mtasema ninajisifu. Sijisifu. Naripoti. Nani mwingine kutoka mlima huu amewahi kukaa chini ya mwavuli siku tisa kwa ajili ya watu wake? Nani amelitazama jembe kwa muda mrefu hivyo bila hata kulishika? Historia itaandika, na kama historia itachelewa, nitaandika mwenyewe.

(Majumbe wakapiga makofi. Bwana Mchungaji akaangalia saa ya Padre.)

"Namalizia kwa wito wetu, nanyi muitikie kwa nguvu. Usemi mmoja. Mseme, maana moja. Maana moja. Mseme, ofisi moja. Ofisi moja. Mseme, Sedekia.

(Walioitikia ni majumbe tu, na la mwisho hata wao walilimeza.)

"Na sasa shukrani. Nawashukuru akina mama kwa kulima. Namshukuru Mungu kwa mvua, iliyonyesha kwa ratiba. Kuhusu kitabu, ambacho naona shingo nyingi zinakitafuta chini ya meza hii, napenda kuondoa wasiwasi uliozagaa kwamba kimepotea au kimeliwa na mchwa. Hakijapotea. Kitu ambacho hakijaandikwa hakiwezi kupotea, na huo ndio usalama wake. Daftari mlizoniona nazo nilikuwa nachorea vipimo vya matuta, maana mkono wangu hauwezi kuandika na kusikiliza kwa wakati mmoja. Barua ya kuomba Skimu ianzishwe bado ninaitafutia maneno mazuri. Siku itakapotumwa, na ikajibiwa, na jibu likawa ndiyo, nitawaita tena, mje na majembe. Asanteni kwa kunisikiliza."

Hivyo ndivyo alivyosema, mjukuu wangu, sijaongeza chumvi hata punje. Akakaa.

Apolonia akasimama. Nilidhani atamrukia, nikamshika nguo. Hakumrukia. Aliimba tu, pale pale, bila jembe, na sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ya kile kifua, habari ya matuta yaliyolala vizuri na mtungi uliokauka, na yatima mwenye mama. Ni wimbo wa zamani. Anaimbiwa mtu aliyelimiwa akaficha pombe, na mimi mara ya mwisho niliusikia nikiwa bado sijaolewa. Sisi wote tukaitikia. Hata wanaume. Padre hakujua maana lakini aliinua kichwa, maana alimwona Sedekia anavyotafuta mahali pa kuweka mikono. Soksi ndefu zote zile, na usemi ulimfikia kama tulivyofikiwa sisi sote, bila fomu.

Marta aliondoka kabla wimbo haujaisha. Siku ya nane akaja kwa Apolonia na mitungi miwili, mmoja kichwani kwake, mmoja kwa jirani. Alipika kwa ulezi wake wa mbegu, nakuambia, wa mbegu. Akapiga magoti mlangoni, mtu mzima yule.

"Dada, mtoto ni wangu. Kunyweni."

Apolonia akamwinua. "Pombe tutakunywa, Marta. Nyimbo zangu nimpe nani?"

"Nipe mimi."

"Wewe una meno mangapi? Tutazikwa wiki moja. Niletee wenye meno."

Tukanywa, tukaimba, lakini swali lile lilikaa nasi mpaka mitungi ilipogeuzwa. Nami nikakufikiria wewe, na meno yako yote thelathini na mawili, unakula wali nayo huko Mbeya.

Kwa hiyo sikiliza. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao tunampalilia Apolonia yale maharage yake yaliyochelewa. Panda lori Ijumaa. Mlete na binti yako, hata kama Kihehe chake ni cha kuvunjika, mgongo utamfundisha. Mtasimama kwenye mstari mkono wa kulia wa Apolonia, si wa kushoto, sikio lake la kushoto limekufa. Ukipita hapa usiniamkie mimi kwanza, nenda kwake. Daftari liache Mbeya. Majembe nimeshayatia mipini.