Kipimo Changu Kinanisingizia

Jumatatu, 9 Machi 2026
Wiki ya mwisho ya mafunzo ya vipimo na chanjo hapa Arusha. Tuko kumi na wawili kutoka nchi saba, na nafasi ni moja: mwaka mzima India, kwenye kiwanda cha chanjo. Ni yangu. Tatizo ni Agnela wa Moshi, mwenye kalamu za rangi tatu. Kila mtu ametengeneza kipimo cha brusela, ugonjwa unaofanya mifugo itupe mimba na unaotupata sisi kupitia maziwa mabichi. Ijumaa Dk. Penina, mkufunzi wetu, atavijaribu kwa sampuli za siri. Viungo vinauma, jasho linanitoka. Ni bidii.

Jumanne, 10 Machi
Nimeamua kujaribu kipimo changu mapema, kimyakimya. Nilihitaji damu ya mtu mwenye afya, nikajichoma kidole. Mistari miwili. Eti nina brusela! Kipimo kibovu.

Jumatano, 11 Machi
Nimepunguza dawa inayonasa ugonjwa mpaka mstari wa pili ukatoweka. Safi. Agnela kauliza mbona natetemeka na joto lote hili, akanisihi nikapime. Anataka nikae foleni hospitali yeye aendelee na kazi. Hanipati.

Ijumaa, 13 Machi
Sampuli ishirini, kumi zina ugonjwa. Kipimo changu kimesema zote zinang'aa kwa afya. Dk. Penina akauliza nimebadilisha nini. Nikakiri, maana daftari la maabara lina tarehe. Akajaribu vijiti vyangu vya Jumatatu, vya kabla sijapunguza dawa: ishirini kwa ishirini. Agnela alikosa moja, na nafasi kapewa yeye. Nimeumia sana. Nilijifungia chooni nikalia.
Nilipotoka, Dk. Penina akanipima kwa kijiti cha Agnela. Mistari miwili. Hospitali nao wakasema hivyohivyo, wakanipa vidonge vya wiki sita. Wenzangu watatu wamenichangia hela ya dawa.

Jumapili, 15 Machi
Niko Akheri kwa mama. Mwakani naomba tena, na kosa langu nimeshalijua: dawa ningepunguza nusu tu. Kwanza nipate nguvu. Dk. Penina alikataza maziwa mabichi, ila alimaanisha ya watu wengine. Haya ni ya mbuzi wetu. Mama analalamika kwamba mbuzi katupa mimba tena, mara ya pili, hana mtoto wa kunyonyesha.
Bahati yangu. Naandika haya nikiwa kwenye kikombe cha tatu.